Mfuko wa Mchele na Mwezi wa Februari

Mhadhara kwa wafanyakazi wa kampuni, benki na taasisi za Mbinga na mwambao wa Nyasa



Desemba ikiingia, magari ya kampuni na benki huanza kuonekana kwenye barabara zetu yakiwa yamebeba mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Yanakwenda kwenye vituo vya watoto yatima, kwenye wodi za hospitali za misheni, na kwa wazee wasio na watu. Wafanyakazi wenyewe wamechangishana kutoka mishahara yao. Wengine wameacha mapumziko yao, wamevaa fulana za aina moja, wanaosha sufuria, wanapakua chakula na kukaa chini kula na watoto. Nawashukuru kwa dhati. Mtu anayeacha familia yake siku ya mapumziko ili akampikie mtoto asiyemjua ana moyo ambao nchi hii inauhitaji sana.

Kwa kuwa moyo upo, nimekuja kuzungumza juu ya wakati na mahali. Hoja yangu ni hii: njaa ya Mbinga na ya Nyasa ina kalenda yake, na kalenda hiyo hailingani na ya sikukuu. Mnafika Desemba, wakati kaya nyingi bado zina kitu ndani. Mnaondoka, na njaa inaingia baada yenu.

Tuanze na jambo linalowashangaza wageni. Tangu miaka ya 1970 mkoa wa Ruvuma umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne inayolisha nchi kwa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Songea, na mahindi ya mkoa huu huliwa Dar es Salaam na nje ya mipaka. Milima ya Umatengo, kwetu Mbinga, ina maharage na kahawa. Chini, Ziwa Nyasa lina samaki. Ukitazama ramani unaweza kudhani mtoto wa hapa hawezi kukosa cha kula.

Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, 44 walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 36. Tumepiga hatua, na wahudumu wetu wa afya wanastahili pongezi, ila wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa 30, na sisi wenye maghala bado tulikuwa juu yake. Wenzetu wa Njombe na Iringa, ambao nao ni wakulima hodari, walikuwa na hali mbaya zaidi: Njombe watoto 50 katika 100, Iringa 57. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wingi wa magunia ndiyo lishe.

Mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Unaweza kumkuta amejaa mashavu, anacheza vizuri, na mama yake akakwambia hajawahi kulala na njaa. Ila ni mfupi kwa umri wake, na ufupi huo ndio unaoonekana. Kilichopungua ndani, kwenye ubongo na kwenye kinga ya mwili, hakionekani. Uharibifu mkubwa hutokea katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Watoto hao wengi hawako kwenye vituo vya yatima mnakopeleka mchele. Wako kwao, na baba na mama, kwenye nyumba zenye mahindi darini.

Sasa nataka tutazame mwezi wa pili na wa tatu katika milima yetu. Ninyi mliozaliwa hapa mnaujua mfumo wa kilimo wa ngoro. Wengine mliohamia kikazi huenda mmeuona barabarani tu, yale mashimo yaliyopangwa juu ya mteremko mzima. Nyasi hufyekwa na kuachwa zikauke. Mwanamume huzipanga katika mistari inayokatana mpaka shamba lote linakuwa miraba. Halafu jembe linashikwa na mwanamke. Anasimama katikati ya mraba, anachimba, anautupa udongo juu ya nyasi pande zote nne, mpaka linabaki shimo lililozungukwa na matuta. Kwenye matuta hupandwa maharage. Shimo hukamata maji ya mvua yasikimbie na udongo, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Ni kilimo chenye akili nyingi. Watafiti wamekuja kutoka mbali kukisoma, na milima hii mikali isingekuwa na udongo leo kama si ngoro.

Lakini mhesabuni huyo mwanamke. Anatoka alfajiri, shamba liko ng'ambo ya korongo, mvua inanyesha. Huenda ana mimba, huenda ananyonyesha. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba au minane, na kisufuria cha uji wa mahindi uliopikwa kabla hakujapambazuka. Hauna karanga, hauna maziwa, hauna dagaa. Adhuhuri uji umepoa na umekuwa mzito. Mtoto anakula vijiko viwili vitatu, analala. Mama anarudi alasiri amechoka, anateka maji, anatafuta kuni, anasonga ugali. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji kula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Huyu amekula mara mbili. Na maharage yanayopandwa siku hiyo yatavunwa katikati ya mwaka. Yale ya msimu uliopita yameuzwa au yameliwa na wadudu.

Hapo ndipo penye njaa yetu. Inakuja kazi inapokuwa kubwa kuliko wakati wowote, akiba imepungua, mahindi mapya bado ni mabichi shambani, na Januari imeshachukua fedha zote kwa sare, madaftari na mbolea. Ada ya shule za serikali ilifutwa, jambo jema kabisa, ila mtoto haendi shule bila viatu na kalamu.

Na njaa hii inazaa deni. Kahawa ya Mbinga huchumwa kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, na fedha yake huingia mwishoni mwa mwaka; ndiyo maana Krismasi yetu huwa na nyama. Mwezi wa pili kahawa bado ni punje za kijani mtini. Mkulima aliyeishiwa anamwendea mtu mwenye fedha, anapewa gunia la mahindi au shilingi chache, na anaahidi kulipa kwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei aliyopangiwa akiwa na njaa. Hapa tunaita magoma. Kule Mtwara na Lindi, kwenye korosho, wanaita kangomba. Kagera, kwenye kahawa, wanaita butura. Serikali imelipiga marufuku jambo hili mara nyingi, viongozi wamelikemea majukwaani, na bado lipo, kwa sababu amri haimpikii mtu ugali. Anayeuza kahawa yake Februari ataingia Desemba hana fedha ya akiba, na Februari inayofuata itamkuta palepale. Mtu akiniuliza njaa ya Mbinga inatengenezwa wapi, nitamwonyesha magoma kabla sijamwonyesha mvua.

Mwambao una mambo yake. Kutoka Lituhi kushuka Liuli, Mbamba Bay hadi Chiwanda, chakula cha msingi ni muhogo, na muhogo una subira. Unakaa ardhini ukisubiri mwenye nyumba auhitaji. Kwa kujaza tumbo, mwambao una kinga kuliko mlima. Ila muhogo peke yake haumjengi mtoto, na samaki hawapatikani siku zote. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hukaa nchi kavu. Katikati ya mwaka upepo wa kusini huchafua ziwa, na mtumbwi mdogo hauthubutu. Kuanzia Januari mvua zinapokolea, dagaa huvuliwa lakini hawakauki: wameanikwa mchangani, mvua inawapiga, wanaoza, wanatupwa. Mama mchuuzi anapoteza mtaji, na mtoto wa mlimani, mwendo wa saa chache kwa gari, anakosa dagaa ambao wangemjenga mifupa na damu. Barabara ya lami imeshafika Mbamba Bay. Kinachotuangusha sasa ni uanikaji na utunzaji, na hayo ni mambo ambayo watu wenye maarifa wanaweza kuyatatua.

Mfano upo: katika miaka ya 1980 mdudu mdogo mweupe, kidung'ata wa muhogo, aliingia katika nchi zinazolizunguka ziwa hili akitokea upande wa magharibi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huku hakuwa na adui. Muhogo ulidumaa, majani yakajikunja, na kaya zilizotegemea zao hilo zikapata shida kubwa. Misaada ya chakula haiwezi kushinda mdudu. Aliyemshinda ni nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, aliyetafutwa huko huko Amerika ya Kusini, nchini Paraguay, akazalishwa kwa wingi na kuachiwa katika nchi nyingi za Afrika, katika mpango ulioongozwa na Hans Herren kutoka kituo cha utafiti cha Ibadan, Nigeria. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya kidung'ata. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Watu hao walikuwa waajiriwa kama ninyi, wenye ofisi na mishahara. Walichowapa wakulima ni kile walichokijua.

Na wazee wetu je? Wamatengo, wenyeji wa milima hii, walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikusanyika, kila nyumba ikaleta chakula chake, wakala pamoja. Hapo hapo mashauri yalikatwa, kazi zikapangwa, vijana wakafundishwa. Chakula kilicholetwa kiliwekwa mbele ya wote, kwa hiyo nyumba iliyopungukiwa ilijulikana siku ile ile, bila mtu kwenda kuomba na bila tangazo. Na kulikuwa na ngokela, kazi ya kusaidiana shambani, ambapo majirani wanalima kwa mmoja leo na kesho kwa mwingine, na mwenye shamba anaandaa pombe na chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walipofanya kazi na vijiji vya Kitanda na Kindimba, waliikuta sengu katika kumbukumbu za watu, wakashirikiana na wanakijiji kuifufua kama kamati ya maendeleo. Kindimba walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto, kwa nguvu za wanakijiji. Wengine wataona ni kinu tu. Kwa mama wa ngoro, saa moja asiyoitumia kutembea na debe kichwani kwenda kusaga ni saa ya kumlisha mtoto.

Sengu ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa ya kila siku. Sisi wa maofisini tumekuwa hodari wa siku maalumu. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru, akaagiza siku hiyo iwe ya usafi; watumishi walishika mafagio nchi nzima, na yeye mwenyewe alizoa taka karibu na Ikulu. Ilikuwa siku nzuri. Wakenya, ukame ulipowabana Julai 2011, walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya: kampuni, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wakaungana, wafanyakazi na wananchi wakachanga kwa simu, na lengo la kwanza la shilingi milioni 500 za Kenya likavukwa. Walipima nguvu ya watu wa kawaida, wakaikuta kubwa kuliko walivyodhani. Lakini watoto wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, walikuwa wamekonda kabla kamera hazijafika. Njaa yetu sisi ina tarehe zinazojulikana. Tunaweza kuitangulia.

Basi nawaomba mfanye nini?

Msiache kwenda Desemba. Ila mchango wenu uanze mwezi wa saba. Maharage ya Mbinga yanavunwa, bei iko chini, na mkulima anahitaji mnunuzi wa haki. Kateni kiasi kidogo kila siku ya mshahara, nunueni maharage hapa hapa, yawekeni kwenye mifuko isiyopitisha hewa inayozuia wadudu bila dawa. Nunueni dagaa Mbamba Bay wakati wa kiangazi, wanapokauka vizuri. Mtakuwa mmewalipa wakulima na wachuuzi wetu, na chakula chenu kitakuwa chenye protini nyingi kuliko mchele uliotoka mbali. Kisha kifungueni Februari na Machi, shuleni na kliniki. Shule zetu nyingi hutegemea mahindi na maharage ya wazazi kwa chakula cha mchana, na miezi hiyo ndiyo wazazi wanayoshindwa kuchangia. Darasa lenye uji lina mahudhurio, mwalimu yeyote atawathibitishia.

Ninyi wa benki, mikono yenu inahitajika kwenye vitabu vya hesabu kuliko kwenye sufuria. Nendeni kwenye vyama vya msingi vya kahawa na vikundi vya kuweka na kukopa. Kaeni na mweka hazina Jumamosi mbili kwa mwezi, mfundisheni kupanga fedha ya Desemba ibaki kidogo mpaka Machi. Chama kikiwa na mfuko wa kukopesha gunia moja la mahindi mwezi wa pili kwa masharti ya kibinadamu, magoma yatakosa mteja. Najua sera za mikopo hamzitungi ninyi wa matawi. Lakini taarifa zinazopanda kwenda makao makuu mnaziandika ninyi, na nawasihi muandike kuhusu Februari.

Mafundi wa migodi, wa umeme, wa ujenzi: pale Liuli, Lituhi na Mbamba Bay mama anaweza kuokoa dagaa wake kwa kichanja kilichoinuliwa kutoka mchangani, chenye wavu na paa la nailoni la kufunikia mvua ikija. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye nyundo na mbao. Jiko banifu la shule linalopunguza kuni nalo ni kazi yenu. Na ninyi mlio kwenye kampuni za madini, kumbukeni kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 mwajiri wenu anatakiwa kuandaa mpango wa mwaka wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ulizeni kama lishe ya watoto imo kwenye mpango huo. Mfanyakazi anayeuliza swali hilo kwenye kikao amejitolea kama yule aliyebeba gunia.

Kuna jambo moja linaniuma na nitalisema wazi. Acheni kuwapanga watoto mbele ya magunia na bango la kampuni ili wapigwe picha. Mtoto yatima ana jina, ana wenzake shuleni, na atakua. Picha hiyo itamfuata. Mkitaka kumbukumbu, pigeni picha ya kichanja mlichojenga au ya stoo ya shule.

Na kabla ya kwenda popote, ulizeni. Vijiji vingi vina wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kila robo mwaka kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa na akina mama hufundishwa kupika uji wa lishe. Halmashauri zimeagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, na maofisa lishe wetu wanahangaika na fedha hizo kidogo. Jumuiya ndogo ndogo za Kanisa zinajua nyumba ipi haikuwasha moto jana. Waumini wa Kiislamu wanajua hivyo hivyo kupitia msikiti. Hao ndio wenyeji wa njaa hii. Ninyi mje kama wasaidizi wao. Nendeni siku ya kupima watoto mkae kimya kwanza, msikilize akina mama wanasema nini juu ya muda wao. Wengi hawataomba chakula. Wataomba mashine ya kusaga iliyo karibu, maji yaliyo karibu, na mtu wa kukaa na watoto wakati wa ngoro. Kituo cha kulelea watoto wadogo kwa majira ya ngoro, chenye bibi wawili wa kijiji wanaolipwa posho na sufuria ya uji wenye dagaa na karanga, kingefanya kazi ambayo malori ya mchele hayajaweza. Ofisi moja ikichukua kijiji kimoja kwa miezi miwili, gharama yake haizidi ya sherehe nyingi za mwisho wa mwaka.

Desemba 5 ni siku ya kimataifa ya kujitolea. Mwaka huu mkikutana siku hiyo kupanga zawadi za Krismasi, wekeni mezani pia orodha ya shule mbili za mlimani na kijiji kimoja cha mwambao, majina ya watakaokwenda, na tarehe za kwenda: Jumamosi za Februari na za Machi. Akina mama watakuwa ngoroni. Watoto watakuwa nyumbani. Nendeni.